Kisha Ikawaje?

Hotuba kwa semina ya Jumamosi ya akina mama na vijana, Kisumu

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena.

Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma Biblia kila siku. Naomba ruhusa niongeze jambo moja juu ya mada niliyopewa: kusoma kila siku na kufurahia. Habari ya "kila siku" tumehubiriwa sana. Habari ya kufurahia tumeisikia kidogo mno, na mimi naamini kabisa hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Mnaijua safari yetu ya Januari. Tukitoka kesha la mwaka mpya, tumeahidi kuimaliza Biblia nzima. Hesabu yenyewe haitishi: vitabu 66, sura 1,189, ukigawanya kwa siku 365 unapata sura tatu na kidogo kwa siku. Kitabu cha Mwanzo kinateleza vizuri. Nuhu yumo, Ibrahimu yumo, Yusufu anauzwa na ndugu zake. Kutoka nacho kinaanza kwa kishindo, bahari inagawanyika. Halafu tunaingia kwenye vipimo vya maskani, mapazia, mbao na vitako vya fedha, na ikifika tarehe 28 hivi tuko Mambo ya Walawi, kwenye mafuta ya kondoo na figo mbili. Hapo kitabu kinafungwa, kinasubiri Jumapili.

Ikifika katikati ya Februari mtu amebaki nyuma sura hamsini. Anaona haya. Akiiona Biblia pale juu ya kabati anakumbuka ahadi aliyoivunja, na hakuna binadamu anayependa kukaa karibu na kitu kinachomkumbusha kushindwa kila akikitazama. Ndugu zangu, mtu huyo hajaacha kumpenda Mungu. Tulimpa kitabu kikubwa na hesabu, hatukumpa hamu.

Hamu ya kusikia si jambo geni kwetu. Sisi watu wa pande hizi tumelelewa na hadithi. Kuna mama zangu hapa waliolala kwa bibi, siwindhe, na wanajua sigana, hadithi za jioni, ilivyokuwa. Hakuna mtoto aliyehitaji kusukumwa asikilize. Bibi akinyamaza katikati ili akohoe, ni watoto waliomsumbua: kisha ikawaje? Huyo fisi alifanya nini? Basi swali hilo ndilo ninaloomba mrudi nalo nyumbani leo. Msomaji anayelala akijiuliza "kisha ikawaje" kesho atafungua kitabu bila kengele ya simu. Na Biblia, kwa sehemu kubwa, ni masimulizi. Tumeyakatakata mno kuwa aya za kuandika kwenye kadi za harusi mpaka tumesahau kwamba yana mwanzo, yana katikati, na yana mwisho.

Niwape mfano wa kitabu cha Ruthu. Kina sura nne tu. Ukikisoma kwa sauti bila haraka, dakika ishirini zinatosha.

Kikundi chetu cha akina mama kule Manyatta kilikisoma sura moja kila jioni. Tulipofika sura ya pili, mstari wa 17, pale Ruthu anapopura alichookota na kupata kama efa moja ya shayiri, mama mmoja anayeuza nafaka soko la Kibuye alitusimamisha. "Ngojeni kwanza. Efa ni gorogoro ngapi?" Yaani lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza. Tukaangalia maelezo nyuma ya Biblia, tukakuta kama lita 22. Yaani debe na zaidi kidogo. Yule mama akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Kuokota masazo siku moja, ukapata debe? Kuna mtu amemwekea."

Hajasomea theolojia mahali popote, lakini alikuwa sawasawa. Turudi nyuma mstari mmoja tu, wa 16: Boazi, mwenye shamba, amewaambia vijana wake wachomoe mengine katika miganda, wayaache makusudi, Ruthu ayaokote, na wasimkemee. Sisi tulikuwa tumeusoma mstari ule dakika moja kabla na haukutugusa. Aliyewahi kuokota mahindi yaliyobaki shambani baada ya mavuno ndiye aliyeona kwamba debe lile lina siri. Na Naomi, mama mkwe wa Ruthu, naye aliona! Mkwewe anaingia na mzigo wa shayiri, anatoa na bisi alizosaza mchana baada ya kushiba, na mama huyu hata hajashukuru vizuri anauliza, "Umeokota wapi leo?" Tulicheka mpaka majirani wakaja dirishani.

Sura ya nne haikutuchekesha. Pale langoni mwa mji, mbele ya wazee, kuna jamaa wa karibu kuliko Boazi. Anaambiwa kuna shamba la marehemu, anasema nitalikomboa. Anaambiwa shamba linakuja na mjane, anasema siwezi, nisije nikauharibu urithi wangu. Analitaka shamba, hamtaki mjane. Katika kikundi chetu wapo wajane. Palikuwa kimya kabisa. Kisha mmoja akasema, "Huyo mimi namjua," na akaanza kusimulia mambo ambayo miaka yote tuliyosali naye hakuwahi kuyasema. Siyarudii hapa, ni yake. Ninachosema ni kwamba usiku ule hakuna aliyetazama saa, na kesho yake hakuna aliyehitaji kukumbushwa kuja.

Nawaomba mwangalie pia jinsi sura ya tatu inavyoishia. Naomi anamwambia Ruthu akae tu, mpaka ajue jambo hilo litakavyotokea. Ataweza nani kulala bila kufungua sura ya nne?

Sasa rudini Mambo ya Walawi, kitabu kilichotushinda Januari. Sura ya 19, mstari wa 9 na wa 10: ukivuna shamba lako usivune mpaka pembeni kabisa, wala usirudi kukusanya masazo, waachie maskini na mgeni. Ni sheria hiyo hiyo iliyomlisha Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu! Ukiisoma Januari kwa zamu, unapita ukipiga miayo. Ukiisoma baada ya Ruthu, unaiona ikitembea shambani na kikapu. Hata ile orodha ya majina katika Mathayo 1, ambayo sote tunairuka, ukiwa umemjua Ruthu utasimama mstari wa 5 kama mtu aliyekutana na jamaa yake kwenye stendi ya Kisumu. Boazi yumo, Ruthu yumo, na mama yake Boazi anaitwa Rahabu. Rahabu yupi? Nendeni Yoshua sura ya 2 mkaangalie.

Ndiyo maana nasema wazi, na wanaotofautiana nami wanisamehe: kwa anayeanza, mpango wa kwenda Mwanzo hadi Ufunuo bila kuruka si mpango mzuri. Anza na hadithi. Ruthu. Yona, nayo sura nne. Marko, sura 16. Esta. Masimulizi ya Daudi katika Samweli wa Kwanza. Sheria, orodha na unabii mzito vitafuata, na vitafuata vikiwa na sura za watu ndani yake.

Vijana, hasa vijana wa ufuoni, nawapa Marko. Marko ana haraka, hapotezi maneno, na habari nyingi zinatokea ziwani. Siku moja pale Dunga tulisoma sura ya nne na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu, ile habari ya Yesu kuamshwa chomboni na kutuliza dhoruba. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza juu ya imani. Wao walitaka kujua mambo mengine. Mmoja aliuliza ziwa lile ni kubwa kiasi gani. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa 13. Ghuba yetu ya Winam peke yake inalimeza lote na nafasi inabaki. Wakashangaa dhoruba kubwa hivyo itoke wapi. Lakini lile ziwa liko chini sana, zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo baridi wa juu ukiteremka ghafla hukoroga maji mara moja. Hilo walilielewa upesi, maana upepo wa ziwani huku nao haupigi hodi.

Halafu mzee mmoja akaomba nirudie mstari wa 36. Nikasoma: "Na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye." Akauliza, "Na hao wa mashua nyingine, kisha ikawaje?"

Mimi nimesoma habari hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuziona zile mashua nyingine. Marko hasemi kilichowapata. Lakini upepo ulipokoma ulikoma kwa ziwa zima, na kuna watu usiku ule walifika nyumbani salama bila kujua ni nani aliyeamshwa kwenye chombo cha jirani. Tulikaa na jambo hilo mpaka jua likatua. Nawaambieni, ni mvuvi tu angeuliza swali lile, kwa sababu ni mvuvi anayejua kwamba dhoruba haichagui mashua moja.

Mmeona jambo linalojirudia? Hizi furaha zote zilitokea tukisoma kwa sauti, na tukiwa zaidi ya mmoja. Kusoma peke yako kimyakimya ni kuzuri, sikukatazi. Ila sehemu kubwa ya Biblia iliandikwa ili isikike. Katika Nehemia 8 Ezra anasoma uwanjani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na watu wanafafanuliwa mpaka wanaelewa. Paulo anawaagiza Wakolosai barua yake wakimaliza kuisoma ipelekwe ikasomwe Laodikia. Na huku kwetu Injili ilienea hivyo hivyo. Wamisionari wa Kanisa la Marafiki walifika Kaimosi 1902, misheni ya Maseno ikaanza 1906, na katika boma nyingi alikuwepo mmoja tu anayejua herufi. Yeye alisoma, wengine wote wakasikiliza. Wazee hao Biblia nzima walikuwa hawajaipata. Ya Kiswahili, ile tafsiri ya Union, ilitoka 1952, na ya Kijaluo 1953. Waliishi miaka mingi kwa Injili moja au mbili, na walizijua kuliko tunavyozijua sisi wenye Biblia nne kwenye simu moja.

Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 naye alikuwa safarini, garini, katika njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, anamsoma Isaya. Filipo alijuaje anachosoma? Alimsikia! Alikuwa akisoma kwa sauti. "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Naye, mtu mkubwa, mwenye kusimamia hazina yote ya malkia Kandake, anajibu bila aibu: nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza? Kisha anauliza swali moja la maana: nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine? Swali hilo moja ndilo lililomfikisha majini kubatizwa, akaenda zake akifurahi. Kwa hiyo usiogope kutoelewa. Liandike swali lako kwenye karatasi, uje nalo kwenye kikundi.

Nizungumzie wakati, maana hapo wengi wamebebeshwa mzigo usio wao. Tumezoea kusikia kwamba Neno lisomwe alfajiri, na asiyefanya hivyo ni mlegevu. Mama anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi mboga sokoni, asome saa ngapi? Muuguzi anayetoka zamu ya usiku? Katika Zaburi 119 mwimbaji anasema amemlilia Mungu kabla ya mapambazuko, na mstari unaofuata anasema macho yake yalitangulia makesha ya usiku ili aitafakari ahadi. Nyakati zote mbili zimo. Tafuta wakati ambao tayari una jambo lisilokosekana, uliambatanishe na hilo. Nyumba nyingi chai ya jioni haikosekani. Sura moja baada ya chai, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, runinga ikiwa bado imezimwa. Kijana wa boda boda, wewe una nafasi nyingi pale Kondele ukisubiri abiria. Mama unayeparua samaki, mikono yako ina kazi lakini masikio yako hayana; zipo programu za simu zinazoisoma Biblia kwa sauti, na baadhi ukishazipakua hazili bando.

Kiasi kiwe kidogo kuliko unachoweza. Nasema kwa makusudi. Acha kusoma ukiwa bado unataka kuendelea. Agano Jipya lote lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, ukapumzika Jumamosi na Jumapili, wiki 52 zinalimaliza barabara, na sura moja kwa kawaida haizidi dakika tano au sita.

Na siku ikikupita, imepita. Usiku wa matanga, mtoto mgonjwa, uchovu tu. Usikae kesho yake ukilipa sura tatu kwa mpigo huku husikii unachosoma. Fungua pale ulipoachia, soma ya leo.

Kuhusu tafsiri, shauri langu ni hili. Kwa masimulizi na barua, kijana ambaye Kiswahili cha Union kinampa taabu achukue Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990, asome bila kujihukumu. Kwa Zaburi, mimi sitaiacha Union. Ina mwendo wake mdomoni. Na kama kuna mzee nyumbani anayeisikia kwa undani zaidi lugha ya mama, asomewe kwa hiyo. Bibi ambaye macho yamefifia ana mjukuu wa darasa la sita anayesoma vizuri kabisa. Mpeni huyo mtoto kazi ya kumsomea bibi. Mtoto atauliza maswali, bibi atajibu, na Kumbukumbu la Torati 6 itakuwa imetimia pale jikoni: kuyanena uketipo katika nyumba yako.

Jambo la mwisho, na hili nalisema polepole. Furaha ninayoisema si kicheko peke yake. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda na mto Nyando ukafurika, kuna watu hapa waliotoka kwenye nyumba zao wakiwa wamebeba watoto na godoro. Nilikaa na familia moja iliyokuwa imepewa hifadhi darasani. Sikuwa na la kusema. Baba mwenye nyumba akaniomba nisome kitu chochote, nikafungua Zaburi ya 69: "Ee Mungu, uniokoe, maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu. Ninazama katika matope mengi." Yule baba akaniangalia kana kwamba nimeyatunga. Akasema, "Hiyo imo humo ndani?" Imo. Akaomba niisome tena, na usiku uliofuata akaisoma mwenyewe kwa wengine mle darasani. Mtu wa namna hiyo hasomi kwa sababu ya ratiba. Amegundua kwamba kuna aliyepita alipopita yeye, na anataka kujua ilikuwaje baadaye. Zaburi zote 150 ziko pale, na nyingi zinaanza kwa kilio. Zijueni kabla siku ya kilio haijafika.

Basi tupange. Mchungaji ameturuhusu tutumie ukumbi mdogo Jumatano jioni. Kuanzia Jumapili, kila nyumba isome Ruthu, sura moja kila jioni, kwa sauti, hata mkiwa wawili. Jumatano mtakuwa mmefika sura ya nne. Njooni tuisome pamoja, na kila mmoja aje na swali moja aliloandika, hata liwe dogo kama lile la efa na gorogoro. Anayekaa peke yake aniambie kabla hatujaondoka, tumtafutie nyumba ya jirani ya kusoma nayo. Akina mama wa Nyalenda tayari wamejitolea. Vijana mtaanza Marko wiki inayofuata, na wazee wawili wa Dunga wamekubali kuja tukifika sura ya nne. Asiye na Biblia aonane na mama katibu pale mlangoni, zipo kadhaa, na zipo mbili za maandishi makubwa kwa ajili ya bibi zetu.

Asanteni, Mungu awabariki. Sasa nipeni maswali, tuanze na hao wa nyuma.